Dashibodi ya disko nusura imponze mjomba

Ukitaka kumjua kijana mwenye gari hapa mjini, subiri jua lizame. Bodaboda zinawaka kama mti wa Krismasi, daladala zina taa za zambarau hadi chini ya viti, na malori ndiyo usiseme. Chungulia kebini ya Fuso yoyote usiku pale Mbezi Mwisho, utadhani umefungua mlango wa baa. Mita za buluu, swichi za buluu, hata kwenye kanyagio la klachi kuna buluu. Dereva mwenyewe anaonekana kama samaki ndani ya kioo.

Msomaji wangu, mimi na urembo hatuna ugomvi. Gari ni nyumba ya dereva, na mtu anayelala humo siku nne kwa wiki ana haki ya kupamba anavyotaka. Ugomvi wangu ni na hiyo rangi moja, na sababu ninayo.

Nyumbani kwetu tuna Fuso moja aliyoiacha marehemu baba. Bosi sasa ni mama. Gari linabeba nyanya kutoka Ilula kule Iringa, linashusha soko la Ilala. Nyanya haina subira, nyie acheni tu. Inachumwa mchana, inapangwa kwenye matenga jioni, na alfajiri iwe imefika Dar, la sivyo utauza bei ya kuomba radhi. Kwa hiyo safari ni ya usiku mtupu: mteremko wa Kitonga, Ruaha Mbuyuni, hifadhi ya Mikumi, Morogoro, Chalinze, hadi mjini.

Dereva wa kwanza baada ya mzee kufariki alikuwa kijana mtanashati, mtu wa perfyumu na miwani ya jua. Yeye ndiye aliyeng'oa balbu zote za dashibodi na kuweka taa za LED za buluu. Hakuishia hapo. Akabandika utepe wa taa hizo hizo chini ya dashibodi na mwingine kwenye dari. Washkaji wakamsifu, akavimba kichwa, mwaka haujaisha akapata kazi ya malori ya Zambia, akatuachia disko lake.

Ndipo mama akamchukua mjomba, kaka yake mkubwa. Mzee wa miaka 61, ameendesha malori tangu mimi sijazaliwa, na hajawahi kuangusha gari hata mara moja. Wote tukasema hapa sasa tumepata dereva.

Miezi mitatu haikufika, maneno yakaanza. Utingo akamnong'oneza mama kwamba mzee akiingia Mikumi anatembea kama anabeba mayai. Mara amefunika dashibodi kwa kanga, haoni hata mita ya mafuta. Mara amelivaa tuta bila kuliona. Kisha ikaja ile safari ambayo punda milia walikuwa wamesimama barabarani, mjomba akawaona wamekaribia mno, akafunga breki za nguvu. Punda milia walipona. Matenga ya juu yalilala, na nyanya zikafika Ilala zikiwa tayari nusu mchuzi.

Mama si mtu wa kelele. Aliweka kikombe cha chai mezani akasema, "Macho ya kaka yangu yamekwisha. Namheshimu, lakini mzigo ule ni wa mkopo wa kikundi, na kikundi hakili heshima. Mwisho wa mwezi natafuta dereva mwingine."

Kumwachisha kazi kaka yako mkubwa si mchezo. Huyo ndiye aliyepokea mahari yako, na kwenye vikao vya ukoo anakaa kiti cha mbele. Nilijua kabisa mjomba akitolewa kwenye lile gari kwa neno la "umezeeka", hatakanyaga tena nyumbani kwetu.

Nikamfuata kwake Tandika.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Umetumwa?"

"Sijatumwa."

Akacheka kidogo, akanivutia kigoda. Nilipomuuliza kuhusu macho, akanionyesha bango la duka lililo mbali, akasoma hadi namba ya simu. Mchana hana tatizo. "Lakini usiku ndani ya lile gari," akasema, "ni kama trafiki kanimulika tochi usoni kuanzia Ilula mpaka Chalinze. Kioo cha mbele kimejaa mataa. Natazama barabara, naona dashibodi."

"Sasa mjomba, mbona hukusema?"

"Nimwambie nini dada yangu? Dereva mzima naogopa taa?"

Hapo mwenzenu nikaanza kuuliza huku na kule, na nikagundua mzee haotei. Jicho la binadamu likikaa gizani linajizoeza polepole, na kuzoea kabisa huchukua kama nusu saa. Kazi hiyo ya kuona gizani inafanywa na chembe fulani za ndani ya jicho ambazo zinashtuka zaidi kwa mwanga ulio kati ya buluu na kijani. Ukiziwashia buluu kali, ule uzoefu wa giza unayeyuka, na nyati mweusi kwenye lami nyeusi ataonekana ukiwa umeshamfikia. Nyekundu inazigusa kidogo sana, ndiyo maana manowari na ndege za kivita zilikuwa zikitumia taa nyekundu ndani. Na kadiri mtu anavyozeeka, lenzi ya jicho inaingia ukungu, mwanga unatawanyika humo kama taa za gari kwenye kioo chenye vumbi. Kijana wa miaka 25 anaweza kukaa kwenye buluu ile akaimba. Mzee wa miaka 61 anateseka kimya.

Halafu jamani, hii buluu yenyewe ni ya juzi tu. Taa ya LED nyekundu ilitengenezwa na Mmarekani Nick Holonyak mwaka 1962. Buluu iliwatoa jasho wataalamu kwa miaka 30 hivi, mpaka Mjapani Shuji Nakamura alipoonyesha yenye mwanga mkali mwaka 1993. Yeye na wenzake wawili, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, wakapewa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Sidhani kama kuna aliyewaambia kwamba ingeishia chini ya kanyagio la klachi Mbezi Mwisho.

Nikamwomba mama siku mbili za gari. Hakuuliza za nini, akanitazama tu kwa ile jicho ya wamama, akanipa ufunguo. Nikaenda Gerezani kwa fundi umeme mmoja, mtu wa maneno machache na bisibisi nyingi.

Mimi nilikwenda na jibu mfukoni: weka nyekundu kote, kama manowari. Fundi akatikisa kichwa. Akaniuliza, taa ya mafuta ya injini ina rangi gani ikiwaka? Nyekundu. Ya breki ya mkono? Nyekundu. Sasa ukipaka dashibodi yote nyekundu, siku injini inakufa utajuaje? Na kuna jingine, akasema: wazee wengi wanapata taabu kusoma tarakimu za karibu kwenye mwanga mwekundu, zinakuwa na ukungu. Yeye alitaka rangi ya machungwa, ile waliyoitumia BMW kwenye dashibodi zao kwa miaka mingi, na iwe hafifu. Hafifu, alirudia, kana kwamba anaongea na mtoto.

Tukafungua. Kwanza akachomoa waya wa betri, kisha skrubu, kisha kile kipande chote cha mita kikatoka na nyaya zake nyuma kama utumbo wa mbuzi. Kwa nyuma kuna vishikizo vidogo vya balbu, unazungusha robo, kinatoka. Zamani balbu zile zilivaa vikofia vya mpira vya kijani, ndivyo vilivyotoa ile rangi ya kijani ya Fuso zote. Yule mtanashati alivitupa. Safari hii ikawa bahati, kwa sababu fundi anasema mwanga wa machungwa ukipita kwenye kikofia cha kijani unakufa karibu wote. Wengi wanaobadilisha rangi bila kutazama vikofia, au ile plastiki ya rangi iliyo nyuma ya mita, wanaishia na dashibodi ya giza halafu wanamlaumu muuza duka.

Kitu kingine cha kujua, kwa wale mnaopenda kujifanyia wenyewe. Gari dogo ni volti 12, Fuso ni volti 24, na injini ikichaji inafika kama 28. Ukichomeka taa ya 12 kwenye Fuso, inawaka vizuri sana kwa muda mfupi, kisha unanusa harufu. LED pia ina upande: ukiichomeka kinyume haiwaki, igeuze tu, usikimbilie kununua nyingine.

Lililokuwa linamuumiza mjomba zaidi ni kwamba buluu zile zilikuwa hazipungui. Kuna kile kigurudumu cha kupunguzia mwanga wa dashibodi, lakini kilitengenezwa kwa balbu za kizamani zinazokula umeme mwingi. LED inakula kidogo mno, kigurudumu unakizungusha mpaka kidole kinauma, taa ziko vilevile. Fundi akaunda taa zake mwenyewe, kila moja na rezista yake. Akaanza na ohm 2,200, akafunika kebini kwa turubai ili kupata giza, akaniambia niingie. Nikaona pazuri. Yeye akasema kali bado. Akatoa zote akaweka 4,700, umeme ukashuka chini ya nusu. Tukakaa humo chini ya turubai dakika 20 tukitoka jasho, na polepole tarakimu zikajitokeza kama jivu la mkaa. Hapo ndipo aliporidhika.

Swichi zikafuata, za feni, za hazadi, za taa. Hizo zilikula muda kuliko mita, maana ndani yake taa imeganda kwa risasi, lazima uiyeyushe kwa pasi ndogo bila kuunguza plastiki. Mbili zilitushinda, tukaziacha bila taa kabisa. Mjomba anazijua kwa kidole.

Taa ya chaji ya betri fundi hakuigusa. Nilipouliza, akasema kwenye magari mengi ya zamani umeme unaopita kwenye balbu ile ndio unaoiamsha jenereta. Weka LED, umeme unakuwa mdogo, jenereta inaendelea kulala, na wewe unakwenda Iringa kwa betri. Utepe wa chini na wa dari tukaung'oa wote. Gharama nzima ikafika Sh 45,000, pamoja na chakula cha fundi.

Safari iliyofuata nilipanda mwenyewe. Kitonga tulishuka saa nne usiku, mjomba haongei. Baada ya Ruaha Mbuyuni akaanza kuchezesha vidole kwenye usukani. Tunaingia Mikumi nikaona anatafuta kitu kwa mkono, kumbe anatafuta kanga kwa mazoea. Kisha akauacha mkono. Kioo cha mbele kilikuwa cheusi safi, barabara tu na nyota. Katikati ya hifadhi akapunguza mwendo, akasema, "Twiga kushoto." Mimi na utingo tulitoa macho, hatuoni kitu. Tukaenda kama sekunde tano nzima ndipo miguu ikatokea, mirefu, pembeni mwa lami.

Utingo akasema "duh". Mzee akabadilisha gia.

Nyanya zilifika nzima. Mama alipokea hesabu, akazihesabu mara mbili, kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea: "Nimefurahi. Lakini macho akapime." Nikataka kubishana. Mjomba mwenyewe akaninyamazisha kwa mkono, akaenda.

Daktari alimkuta na mtoto wa jicho anayeanza, jicho la kulia. Mdogo bado, anaweza kuendesha, lakini alieleza kwamba huyo mtoto ndiye anayetawanya mwanga, na kwamba taa kali za karibu ndizo anazozichukia kuliko zote. Arudi baada ya miezi sita. Kwa hiyo mama alikuwa sahihi kwa nusu na mjomba kwa nusu, na mimi nikapewa kazi ya kukumbuka tarehe.

Walikaa wawili barazani siku ile wakapanga yao. Mjomba anaendelea na gari. Siku macho yakikataa atasema mwenyewe, kwa dada yake, bila kupitia kwa utingo. Kwa upande wake mama ameacha kumuuliza utingo habari za njiani, au angalau anauliza mimi nisipokuwepo.

Utepe wa buluu utingo aliuomba. Ameuzungusha kwenye dari ya chumba chake Mbagala, na anasema wageni wanausifu sana.