Kosa Lisemwe kwa Kiswahili

Hapa Nakivale kikundi chetu cha kompyuta ni mchanganyiko. Wengine tulisoma kwa Kifaransa huko Kongo na Burundi, wengine tuliingia shule za Uganda tukaishia darasa la tano, wengine ni Wasomali. Kinachotuunganisha ni Kiswahili. Python tunaiandika vizuri tu. Shida inaanza pale mstari mwekundu unapotokea chini ya neno na maelezo yake ni Kiingereza kitupu. Anayekijua anasoma, anarekebisha. Asiyekijua anafuta yote anaanza upya. Baada ya wiki chache anaacha kuja, halafu watu wanasema eti hakuwa na kichwa cha kompyuta. Si kweli jamani. Alikosa sentensi moja.

Tukataka kujua huo mstari mwekundu unatoka wapi. Wengi tulidhani ni edita, ile programu tunayoandikia. Kumbe edita yenyewe haijui Python. Nyuma yake kuna programu nyingine inayoitwa seva ya lugha, ndiyo inayosoma kodi (siyo ile ya serikali) na kuichunguza. Neno seva lisikutishe: iko ndani ya laptop ileile, na ukishaiweka inafanya kazi hata bando likiisha.

Edita na seva huongea kwa utaratibu mmoja, Language Server Protocol, kwa kifupi LSP. Microsoft waliutangaza mwaka 2016 pamoja na Red Hat na Codenvy. Kabla yake kila edita ilihitaji kuunganishwa peke yake na kila lugha ya programu. Hesabu: edita 5, lugha 10, kazi 50. Ukiwepo utaratibu mmoja, kazi 15. Sisi wa kambini hilo hatuhitaji kufundishwa. Msomali na Mrundi wakikutana bombani wanaongea Kiswahili, hakuna anayesubiri mkalimani wa Kisomali na Kirundi.

Lakini utaratibu wa wote hauwezi kuwa na kila kitu. Mfano tunaoupenda ni rust-analyzer, seva ya lugha ya Rust. Watengenezaji wake walitaka edita ionyeshe maandishi madogo pembeni ya jina, kukuambia hiki ni namba au ni maneno, bila wewe kuyaandika. LSP haikuwa na kitu hicho. Hawakungoja. Wakaweka ombi lao wakaliita "rust-analyzer/inlayHints", jina lao likiwa mbele ili lisigongane na la mtu mwingine. Edita isiyolijua iliendelea na kazi zake. Mwaka 2022 toleo la 3.17 la LSP likaingiza maandishi hayo rasmi kwa wote.

Mambo haya yanapatanishwa kwenye salamu. Edita ikianza inatuma ujumbe wa "initialize", kusema mimi naweza hiki na hiki, na seva inajibu na yake. Humo kuna sehemu ya "experimental" kwa mambo yasiyo rasmi bado. Kitu ambacho mwenzako hakukitaja, usimtumie. Na tangu toleo la 3.16 salamu ina nafasi ya lugha ya mtumiaji, "locale". Hapo tulisimama sana. Yaani edita inaweza kusema: mtu wangu ni wa Kiswahili. Nafasi ipo, cha kuijaza ndicho hakuna. Pyright, seva ya Python tunayotumia, ina Kifaransa, Kirusi, Kituruki, Kipolandi. Kiswahili hakimo. Kifaransa tulikiwasha siku ileile, kikasaidia baadhi yetu, wengine wakabaki palepale.

Kwa hiyo tunaandika programu ndogo ya kukaa katikati. Edita inadhani inaongea na Pyright, Pyright inadhani inaongea na edita. Ujumbe wa makosa ukipita, "textDocument/publishDiagnostics", tunausimamisha. Kosa huja na jina la kanuni yake, mfano "reportUndefinedVariable", basi tunaongeza: "Jina hili halijawekwa popote. Angalia herufi zake, au liweke kabla ya kulitumia." Kiingereza hatukifuti, maana ukitafuta msaada mtandaoni utakihitaji. Ukijaribu na wewe, kumbuka kubadilisha "Content-Length" juu ya ujumbe. Inahesabiwa kwa baiti, siyo herufi, na isipolingana mazungumzo yote yanavurugika.

Kulikuwa na wenzetu waliotaka ombi jipya kabisa, "kiswahili/eleza", kama walivyofanya wa Rust. Ni safi zaidi, tunakubali. Ila kila edita ingebidi ifundishwe, na sisi tunatumia edita tatu tofauti kwenye mashine za kuokoteza. Njia ya katikati inafanya kazi kwenye zote leo.

Ubishi mkubwa sasa ni maneno. "Argument" tuiite hoja? Hoja ni ya mkutanoni. Kwa sasa tunaandika "kinachowekwa ndani ya mabano", ndefu lakini hakuna anayeuliza mara ya pili. Mwenye neno bora alete.

Na nyie wa mashirika mnaosoma hapa: laptop mbili tulizopewa zimefungwa kwa nywila ya msimamizi, hatuwezi kuweka hata Python yenyewe. Mtufungulie hizo mbili. Mafunzo mengine yatasubiri.