Kasuku na Matundu Mawili

Kila asubuhi, kundi la kasuku wadogo wa kijani, wenye midomo myekundu, hupita kwa kelele juu ya ofisi yangu jijini Nairobi. Asili yao ni Tanzania. Wahenga wao walifika Kenya katika matundu ya waya, wakaponyoka. Leo wao hutaga katika matundu ya miti. Kwao, kasuku wa Fischer na yule wa ukosi wa manjano aghalabu huishi mbalimbali. Huku ugenini wamechanganya damu, na vifaranga wao hawaijui Tanzania.

Sisi wahakiki humtaja kasuku kwa dharau: kiumbe aigaye asichokielewa. Nami nimewahi kuitwa hivyo. Katika kongamano moja, mzee mmoja wa pwani aliniuliza lugha hii ninayoifundisha niliiazima kwa nani, ilhali mama yangu hakunibembeleza kwayo. Nilikosa jibu.

Ndege hawa hawamwigi mtu yeyote. Huitana, na aitwaye huitika, asije akapotea. Labda uenyeji ndio huo: kuita ukaitikiwa. Wanafunzi wangu huniitikia kwa Kiswahili. Wanangu nao hawana lugha nyingine ya kuniitia baba.