Mtu Mzima na Kaptula ya Kubana

Dar es Salaam haina ubishi kuhusu vitu anavyopaswa kuwa navyo mwanamume wa miaka 50. Awe na paa lake, hata kama ni vyumba viwili Chanika ambavyo havijapigwa plasta. Awe na ekari mbili tatu za mikorosho Mkuranga. Kabatini iwemo suti ya kwendea posa, maana umri huo ndio wa kutumwa ushenga, na kanzu iliyokwishanyooshwa, kwa kuwa msiba haupigi hodi. Sebuleni kuwe na makochi ya kuwakalisha wakwe. Gari akijaliwa kuwa nalo, ni hilo litakalogongewa usiku wa manane kumpeleka mjamzito wa jirani hospitali.

Ukivitazama kimoja kimoja, hakuna hata kimoja cha kuchezea. Vyote ni vya watu. Starehe yake mwenyewe inamsubiri kibarazani jioni: kahawa chungu, kashata, drafti la kete za visoda, na ubishi wa Yanga ya 1935 na Simba ya 1936, ubishi uliowatangulia wabishi wote duniani. Akivuka hapo, akanunua gitaa au akaonekana barabarani na kaptula ya michezo, ataitwa mtu mzima hovyo, na jina la namna hiyo likishakaa limekaa.

Huku Milton Keynes, Uingereza, ninakoishi, wenzangu wa rika hilo wana vitu ambavyo mama yangu asingejua avipangie rafu gani. Mmoja kazini kwetu ana reli ya treni ndogo darini kwake, ina stesheni, ina taa, na abiria wa ukubwa wa ukucha aliowapaka rangi yeye mwenyewe kwa brashi yenye nywele chache. Mwingine alianza kujifunza gitaa akiwa na miaka 49. Hapigi vizuri, wala hajali. Kando ya mfereji wa Grand Union utawakuta wanaume wazima na viti vya kukunja na miavuli ya kijani, wameketi toka alfajiri wakivua, na kila samaki wanayempata wanampima, wanampiga picha, wanamrudisha majini. Nenda kamweleze hilo mvuvi wa Kunduchi.

Lakini kinara wa vitu vyote hivyo ni baiskeli. Jumapili asubuhi wanapita kwa makundi, wenye mvi na magoti ya kulalamika, wamevalia nguo za kubana zenye rangi kama za kasuku. Baiskeli ya kaboni ya pauni 3,000 kwao si ajabu. Hizo ni karibu shilingi milioni 10, fedha ambayo nyumbani ni bodaboda tatu mpya, au kiwanja pembeni mwa mji. Waingereza wenzao wanawacheka. Wao wanaendelea kukanyaga.

Nami ninayo, ya alumini. Niliichukua kwa mpango wa serikali ulioanza mwaka 1999, ambapo mwajiri anakupatia baiskeli kisha anakukata mshaharani kidogo kidogo kabla ya kodi. Kilichonisukuma ni barua. England ukifika miaka 40 unaanza kuitwa kila baada ya miaka mitano kupimwa presha, sukari na mafuta kwenye damu, hadi utimize 74. Nesi alinifunga kile kitambaa cha mkono, akasoma, akafunga tena, akasoma, halafu akaniuliza kwa upole kama huwa natembea. Sasa naenda kazini kwa zile njia nyekundu za mji huu, zilizotengwa mbali na magari.

Mjomba wangu wa Magomeni aliniona kwenye simu ya video nikiwa na helmeti kichwani. Akanyamaza kidogo.

"Mjomba, gari limekufa?"

"Shikamoo mjomba. Gari lipo, zima."

"Marahaba. Basi kazi imeisha?"

"Kazi ipo. Ndiko ninakokwenda."

Haikupita wiki, dada akanipigia kwa sauti ya chini, kuniuliza kama kweli niko salama, na kama ule mchango wa harusi ningependa niondolewe kwenye orodha kwanza, bila watu kujua.

Simlaumu mjomba. Baiskeli anayoijua yeye ni Phoenix nyeusi yenye magunia ya mkaa nyuma, na anayeikanyaga anatafuta hela ya kuachana nayo. Ila isisemwe kwamba ni utamaduni wetu. Unguja na Pemba, mzee wa kanzu na kofia juu ya baiskeli, samaki wakining'inia kwenye usukani, haulizwi kitu. Tanga wanaendesha hata akina mama na hakuna anayegeuza shingo. Ni Dar ndiyo iliyoamua kwamba kukanyaga ni kufulia na kitambi ni mafanikio. Hapo sina huruma nayo. Rika langu linaondoka kwa presha na kisukari, na bado mtu akipungua kilo tano anaulizwa anaumwa nini.

Walioshtuka wapo. Mwisho wa wiki alfajiri utazisikia klabu za jogging za Temeke na Ilala zikipita na nyimbo na fulana za sare, na maveterani wa soka wana mabonanza yao pale viwanja vya Leaders, wakimbishia refa kila filimbi, nyama ikiwa tayari jikoni. Angalia lakini: ruhusa hiyo wameipata kwa sababu ni kundi. Ukikimbia peke yako ni hovyo. Mkikimbia arobaini ni mazoezi.

Uingereza ruhusa wanaitoa kwa kila mtu, kisha wanamwacha nayo. Yule mwenye treni anapanda darini peke yake, na abiria wake hawamjibu. Upweke wa wanaume umefika mahali ukaundiwa mabanda, wazo lililoanzia Australia miaka ya 1990: wanaume, wengi wao wastaafu, wanakusanyika kwenye banda lenye misumeno na randa, wanatengeneza nyumba za ndege na viti vya bustani, na katikati ya kupiga randa mtu anaweza kutaja kwamba mkewe amefariki. Nilikwenda kulitazama moja. Birika linachemka, biskuti zipo, ubishi wa soka upo. Ni kibaraza kabisa, isipokuwa kina katiba, mweka hazina na bima.

Kwangu mimi kitu kinachomfaa mwanamume wa miaka 50 kuliko treni, na hata kuliko baiskeli, ni bao. Nasema bao la kiswahili, mashimo 32 na kete 64. Unaanza na kete sita kwenye nyumba, mbili mbili kwenye mashimo mawili ya jirani, na 22 unazishika mkononi za kunamua. Ukifungwa kabla hujazimaliza umefungwa mkononi, na habari hiyo itafika kwenye kahawa ya kesho kabla yako. Mwalimu Nyerere alilipenda. Kijana hulicheza kwa pupa. Mtu mzima anasoma mizunguko kadhaa kichwani kabla hajagusa shimo, huku watu watano wamemsimamia nyuma wakimfundisha bila kuombwa.

Sisi Watanzania wa huku Uingereza tumeyagawanya vibaya mambo ya pande hizi mbili. Nyumba ya heshima tumeijenga Kigamboni, analala mlinzi, na makochi bado yana nailoni zake. Jumamosi kila mmoja yuko sebuleni kwake na rimoti, kilomita chache kutoka kwa mwenzake, tunatumiana vichekesho kwenye simu.

Kwa hiyo mnaokwenda nyumbani Desemba, mkirudi msijaze sanduku unga wa sembe, huku unauzwa. Tafuteni fundi awachongee bao la mninga lenye mashimo ya kina, si yale mepesi ya kuuzia watalii. Kete za komwe zikizuiwa forodhani msigombane na mtu. Gololi zipo dukani hapa kwa bei ya soda.