Heshima na Hofu katika Sare Moja

Wahenga walinena kwamba samaki mmoja akioza, wameoza wote. Wakanena pia kwamba vidole vya mkono havilingani. Methali hizi mbili hugongana mara kwa mara katika vibanda vya chai vya Kesses, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi wanapowazungumzia polisi. Anayeishika ya kwanza huwa amekwisha kukata tamaa. Anayeishika ya pili huonekana mtetezi wa wakubwa. Ni nadra mjadala huo kufikia swali lenye uzito zaidi: ni kitu gani hasa kinachomtenga polisi mwadilifu na mwenzake aliyepotoka, ilhali wote wawili wamevaa sare moja, wamekula kiapo kimoja na wanatumika chini ya kaulimbiu moja ya "Utumishi kwa Wote"?

Lugha yenyewe inatoa dokezo. Neno "afande" asili yake ni "efendi" la Kituruki, jina la kumtukuza bwana msomi anayestahiwa. Hongo nayo haitajwi kwa jina lake. Huitwa "chai" au "kitu kidogo". Eric Wainaina alipoimba "Nchi ya Kitu Kidogo" mwaka 2001, hakuna Mkenya aliyehitaji kufasiriwa. Basi na itazamwe ajabu hii: uovu umevishwa jina la ukarimu, na cheo cha heshima kimekuwa neno la hofu. Utingo anayekunja noti kiganjani kabla ya kufika kizuizini hamheshimu askari hata chembe, anamnunua. Abiria wanaolitazama jambo hilo na kunyamaza, wakishukuru kwamba safari imeendelea, nao wamechangia bei.

Katiba ya mwaka 2010 haikuliacha suala la uadilifu lielee hewani. Kifungu cha 49 kinamtaka anayemkamata mtu amweleze mara moja sababu ya kukamatwa, kwa lugha anayoielewa, na kwa kawaida amfikishe mahakamani ndani ya saa 24. Kifungu cha 244 kinaitaka Huduma ya Taifa ya Polisi izuie ufisadi na kuzingatia haki za binadamu. Ukweli ni kwamba heshima ya polisi hupimwa kwa mambo yanayoonekana madogo: kuandika jina la mshukiwa kitabuni, kumpa mlalamishi nambari ya OB, kutaja kosa kwa Kiswahili chepesi kwa mama asiyejua Kiingereza. Mwadilifu huacha maandishi nyuma yake. Mpotovu huyakwepa, kwa kuwa maandishi humshtaki.

Kisa cha wakili Willie Kimani kinalithibitisha hilo kwa uchungu. Mteja wake, Josphat Mwenda, mwendeshaji bodaboda, alipigwa risasi na afisa wa polisi mwaka 2015, akathubutu kulalamika kwa mamlaka huru ya kusimamia polisi, IPOA. Tarehe 23 Juni 2016, wawili hao pamoja na dereva wao wa teksi, Joseph Muiruri, walitekwa nyara baada ya kutoka mahakamani Mavoko. Miili yao ilipatikana mtoni Ol Donyo Sabuk. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliwatia hatiani maafisa watatu wa polisi na raia mmoja, na Februari 2023 Fredrick Leliman akahukumiwa kifo. Lakini ushahidi uliowaangusha, zikiwemo rekodi za simu, ulikusanywa na wapelelezi wa polisi. Sare iliyoua ndiyo iliyomfikisha muuaji kizimbani.

Hata Eldoret ina kumbukumbu ya sura hizo mbili. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, maelfu ya watu walikimbilia vituo vya polisi kuokoa roho zao, na wengi waliokoka. Hata hivyo, Tume ya Waki ilipohesabu waliokufa nchini, ilipata watu 1,133, na 405 kati yao walikuwa wameuawa kwa risasi. Ua la kituo lilikuwa kimbilio. Mtutu wa bunduki ulikuwa msiba.

Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 inasema wazi kwamba amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria. Hapo ndipo penye mtihani. Kukataa hongo ni wema. Kukataa amri haramu, au kutoa ushahidi dhidi ya mwenzako mnayelala kambi moja, ni ujasiri unaoweza kumgharimu mtu kazi, pengine uhai.

Kwa hiyo methali zote mbili zahitaji nyongeza. Ni kweli vidole havilingani, lakini vikikunjwa pamoja hufanya ngumi moja, na anayepigwa haulizi ni kidole kipi kilichomuumiza. Polisi mwema anayeificha siri ya mpotovu amejikunja naye. Raia naye anayelipa "chai" leo asishangae kesho akikosa nambari ya OB.