Vita vya Mezani vya Mtu Mmoja

Donald Featherstone, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1918, alitumika katika jeshi la vifaru wakati wa Vita Kuu ya Pili. Hata hivyo, amani ilipokuja alipenda kupanga askari wadogo juu ya meza. Mwaka 1973 alitoa kitabu kwa wachezaji wasio na mwenzi.

Shida yao si ndogo: mtu ataificha nini nafsi yake? Akitega mtego upande huu, jemadari wa upande wa pili ni yeye yule. Tena moyo hupendelea jeshi moja. Basi huandika kwanza amri za majeshi yote mawili, kisha hutupa dadu: pengine ikitoka moja, askari wa akiba hawafiki. Ndipo jeshi alipendalo hushindwa, naye huwaondoa watu wake mezani mmoja mmoja.