Gitaa Dogo la Binti Yetu

Jumamosi iliyopita, kisha kumaliza kazi za nyumba, tulitoka Kikula watu wanne: wamama watatu wa chama, mmoja wao mwalimu, pamoja na binti wa mwenzetu mwenye miaka 9. Binti alibeba gitaa la umeme lililofungwa katika kitenge kama mtoto mchanga.

Mjomba wake alimletea kutoka Lubumbashi wakati wa vakansi. Ni gitaa dogo, la kipimo cha watoto. Tangu siku ile binti alijaribu kila jioni, lakini vidole vilimuuma na sauti ilitoka mbaya. Nyumbani walianza kusema hana sikio la muziki. Mama yake alifikiri kuliuza apate feza za kalamu na madaftari. Nasi, tuseme ukweli, tulikaribia kumwunga mkono. Mwishowe tukapatana: kwanza fundi aliangalie.

Tukaenda kwa miguu, tukipanda na kushuka, maana Likasi yetu ni mji wa vilima. Tulipita wauza makala na wauza mikate, tukapisha pikipiki. Upande wa Shituru ndiko viwanda vya shaba, ambako baba zetu wengi walitoa jasho lao. Njiani tulimsimulia binti kwamba mji huu, ambao mpaka 1966 uliitwa Jadotville, una jina kubwa katika habari za gitaa. Mwaka 1952 Hugh Tracey alifika hapa na mashine ya kunasa sauti, akamkuta kijana Mwenda Jean-Bosco, mtu wa Bunkeya. Akarekodi wimbo wake "Masanga", na wapiga gitaa wa nchi nyingi wanajifunza wimbo huo mpaka leo. Mwaka 1969 Mwenda alialikwa kupiga kwenye tamasha la Newport, Marekani. Gitaa lake lilikuwa la mbao tu, bila umeme.

Binti akauliza: "Naye vidole vilimuuma?"

Hatukuwa na jibu.

Fundi tulimkuta katika lupango lake, chini ya mwembe, kati ya radio zilizofunguliwa. Yeye hutengeneza pia magitaa ya kwaya. Hakumwambia binti apige. Alituomba mita ya kushonea, ile tunayotumia kwa nguo. Akapima toka kijipande cha juu chenye mifereji sita mpaka chuma cha 12 cha shingo: karibu sentimita 29. "Mara mbili?" akamuuliza binti. "58," akajibu. Huo ndio urefu wa uzi unaolia. Gitaa la mtu mzima la aina hiyo lina karibu 65.

Akatueleza: uzi ukiwa mfupi, hukazwa kwa nguvu ndogo zaidi ili kutoa sauti ileile. Kwa urefu huu mkazo unapungua karibu sehemu moja kwa tano. Nyuzi nyembamba zinazofaa gitaa kubwa hapa hulegea, hukwaruza kwenye vyuma, na ukibonyeza kwa nguvu sauti inapanda. Dawa yake ni nyuzi nene kidogo, na ziwe za gitaa la umeme. Nyuzi za nailoni hazisikiki kabisa kwenye ampli.

Alipokwisha kufunga nyuzi mpya na kuzipatanisha, akabonyeza uzi mnene kwenye chuma cha kwanza na cha mwisho kwa wakati mmoja, akachungulia katikati. Lazima pabaki nafasi ndogo, kama unene wa karatasi ngumu. Hapa shingo ilikuwa imepinda mno. Ndani yake mna fito la chuma lenye skrubu. Akaizungusha robo tu, akangoja, akapima tena. "Ukilazimisha, unavunja," akasema. Kisha akaweka rula ya shule kwenye chuma cha 12: nyuzi zilikuwa juu karibu milimita 4. Akazishusha darajani mpaka 2. Hapo tukaelewa maumivu ya vidole.

Kazi ya mwisho ilikuwa ya masikio. Akagusa uzi kidogo tu juu ya chuma cha 12, ukalia kama kengele. Kisha akaubonyeza palepale. Sauti mbili zinapaswa kufanana. Ya pili ilikuwa juu, basi akaulegeza uzi, akarudisha nyuma kijipande chake darajani, akaukaza tena, akasikiliza. Akafanya hivyo kwa nyuzi zote sita. Kwa uzi wa tatu binti akadakia: "Bado, Papa. Ingali juu." Fundi akasikiliza tena, akacheka. Kweli, ilikuwa juu.

Akamgeukia mama yake: "Mama, mutoto hana kosa. Gitaa njo ilikuwa na kosa."

Mwenzetu aliinamisha kichwa. Nasi pia.

Kura ilikuwa imekatika toka asubuhi, lakini fundi alikuwa na ampli ndogo ya betri ya volti 9. Kabla ya kuunganisha alimwonyesha binti mikro, zile sanduku ndogo chini ya nyuzi: ndani mna sumaku, na waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, uliozungushwa mara maelfu. Uzi ukitikisika, waya ule unatoa umeme kidogo, ampli inaukuza. "Shaba?" binti akauliza, akaangalia upande wa Shituru.

Akapiga nyuzi tatu. Hazikuwa wimbo bado, lakini zilikuwa safi, wala hakukunja uso.

Tulirudi Kikula jua likishuka. Mwalimu wetu alinyamaza njia nzima. Mwishowe alisema darasani kwake kuna mtoto anayekosea kila mara kunakili ubaoni, na hajawahi kumhamisha akae mbele. Jumatatu atamhamisha.

Wamama, wenye gitaa dogo nyumbani, leteni mita ya kushonea na rula kwenye mkutano ujao. Tutapima pamoja, na binti atasikiliza.