Basi la Usiku Halijui Bahari

Kompyuta ya mpiga mbizi hufungwa mkononi pale saa inapofungwa. Ukitoka majini inakuonyesha picha ndogo ya ndege iliyopigwa mstari, nayo hukaa hapo hadi kesho yake: usipande ndege bado. Walioibuni hawakulifikiria basi la Mombasa kwenda Kisii. Kwetu Nyansiongo tuko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na kabla ya kufika, basi hupanda hadi Nairobi, likazidi kupanda upande wa Limuru, ndipo literemke Mai Mahiu kuelekea Narok na Sotik. Mwili haujali umepandishwa na nini.

Baba alipata shamba katika mradi wa makazi baada ya uhuru, mashamba ya walowezi wa Borabu yalipogawiwa. Tulikuwa na chai, ng'ombe na kipande cha wimbi. Maji kwetu yalikuwa ya kuteka na kubeba. Mtu mzima aliyeingia mtoni akazama kichwa kwa hiari yake angeombewa. Pwani nilikwenda mwaka 1996 kwa njia waliyopita Wakisii wengi, yaani na gunia la vinyago vya mawe ya Tabaka. Mawe yale ni laini kuchonga lakini kuyabeba kwenye mchanga wa Diani saa saba mchana ni adhabu. Niliuza viboko, sahani za sabuni, na wale watu waliokumbatiana ambao kila mgeni huuliza maana yake.

Agosti 1997 zikaja ghasia za Likoni. Wabara walisakwa, wengine wakauawa, na wenzangu wa vinyago wakarudi bara na magunia yao. Watalii nao walitoweka. Mimi nilikuwa nimehifadhi mzigo wangu kwenye stoo ya kampuni moja ya kupiga mbizi. Mlinzi wao alipokimbia nikaachiwa funguo, na baada ya funguo nikaachiwa kompresa.

Wageni hawaioni kazi ya kompresa, ingawa uhai wao unaanzia hapo. Mtungi wa lita 12 hujazwa hadi baa 200, kwa hiyo ndani yake mna lita 2,400 za hewa zilizobanwa. Lazima ujue upepo unatoka wapi, kwa sababu mdomo wa kuvutia hewa ukielekea moshi wa injini, unamjazia mtu sumu isiyo na harufu, naye ataivuta akiwa chini ambako ukali wake huongezeka. Mpaka leo nikifika kwenye boti la watu wengine, kabla ya salamu, hutazama mdomo wa kompresa yao umeelekea wapi. Wananiona sina adabu.

Kuzamia nilifundishwa Shimoni, mahali palipotulia hata wakati huo, na watu wa Kisiwa cha Wasini ng'ambo, ambako hakuna gari hata moja. Wale hawakuhitaji mitungi kuijua Kisite. Walinifundisha kungoja maji mafu, maana bamvua huvuta mkondo mkali na kuchafua maji. Kutosumbuana na bahari wakati wa kusi. Na kuanza kuhesabu msimu kaskazi inapoanza. Ndani ya hifadhi ya Kisite-Mpunguti niliwaona kasa, pono wakitafuna mwamba kwa kelele unayoisikia kabisa, mikunga waliochungulia mashimoni, na pomboo waliotupita bila kutujali. Mwaka 1998 joto la bahari lilipopanda, matumbawe yaligeuka meupe mbele ya macho yetu, na mengi yakafa. Wageni wapya walisifu weupe ule. Nahodha alinyamaza, nami nikajifunza kunyamaza.

Lakini jambo lililotawala maisha yangu ya kazi ni kupanda. Kushuka ni rahisi. Kila mita 10 za maji hukuongezea uzito sawa na wa anga nzima iliyo juu yetu, kwa hiyo kwenye mita 20 unavuta hewa iliyobanwa mara tatu ya ile ya ufukweni. Sehemu kubwa ya hewa hiyo ni naitrojeni, nayo hujipenyeza kwenye damu na mafuta. Ukipanda polepole, mita tisa kwa dakika au chini yake, ukasimama kwenye mita tano kwa dakika tatu, nyingi hutoka kwa pumzi. Ukikurupuka hutoka kwa mapovu, na mapovu hayachagui: goti, uti wa mgongo, ubongo. Hata ukifuata kila sharti, iliyobaki huendelea kutoka ukiwa nchi kavu. Mwongozo unasema ungoje saa 12 baada ya mbizi moja, 18 baada ya kadhaa, ndipo upande ndege. Mimi hungoja siku nzima.

Nyanya alipofariki, Baba mdogo alinipigia simu Alhamisi mchana, nimetoka majini mara ya pili. Mazishi yalikuwa Ijumaa. Nilisafiri Ijumaa jioni, nikafika Jumamosi kaburi limeshafukiwa. Wazee walikuwa bado uani.

"Basi lilikuwapo juzi," Baba mdogo alisema.

Nilitoa mkobani chupa ya plastiki. Nilikuwa nimeyamaliza maji yake Ukunda, nikaifunga kifuniko kwa nguvu. Sasa ilikuwa imevimba, ngumu kama mpira wa miguu, kwa kuwa hewa ya kwetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa sehemu kama moja ya tano. Nikaifungua, ikapumua kwa sauti. Kina mama wakacheka, kisha wakakumbuka matanga.

"Kwa hiyo wewe ungevimba?"

"Ningeweza kupooza miguu, Baba."

"Na hao wenzako wa Wasini mbona hawapoozi?"

"Wao kwao ni huko huko chini."

Hakujibu. Aliichukua chupa, na nasikia aliwaonyesha watu baadaye, akieleza vizuri kuliko mimi.

Nyumbani waliielewa kazi yangu kikamilifu mwaka 2019, gari lilipoteleza kutoka kwenye feri ya Likoni na mama na bintiye wakazama. Kwa siku 13 Kenya nzima iliwatazama wapiga mbizi, ikiwatukana kwa uvivu, hadi gari lilipopatikana kwenye mita 58. Sisi wa utalii mwisho wetu ni mita 40. Simu kutoka Nyansiongo hazikukatika wiki hizo, na mara nyingi aliyekuwa akiwatetea wanamaji kwa hasira ni Baba mdogo.

Siku hizi ubishi wangu ni na wanaoanza na ufuo halafu wakaruka Ukunda kwenda Maasai Mara. Wanataka mbizi ya asubuhi na ndege ya mchana, ndege ndogo isiyobana hewa ndani. Nikikataa, wengine huondoka na pesa zao. Waende. Vijana kutoka bara ninaowafundisha ndio wagumu zaidi, maana hawadanganyiki kwamba basi ni ndege. Majuzi mmoja aliomba ruhusa ya harusi Keroka, Jumamosi. Nikamtoa majini tangu Alhamisi asubuhi. Alinuna, kwani siku mbili bila bakshishi si haba, na nikampeleka akasimamie kompresa.